Wodi ya Wanawake Wasioumwa

Zulaika alipata kazi ya kuuliza maumivu kwa sababu ya ulimi wake. Alizaliwa Arua mjini katika nyumba ya Wanubi, akakua na Kinubi mdomoni. Kilugbara alikiokota sokoni na kwa majirani. Kikakwa alirudi nacho kutoka Koboko, alikoolewa na kuachika. Na Kiswahili, hiki chetu cha askari na wachuuzi, hakuna aliyemfundisha. Alikikuta tu, kama watu wanavyoikuta njia. Kwa miaka tisa alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja nje kidogo ya mji, upande wa Pajulu. Alipiga deki, akamwaga mabeseni, akageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Katika miaka yote hiyo madaktari hawakumwuliza neno isipokuwa kama maji ya moto yamekuwa tayari.

Kwa hiyo siku ile ya Februari 1976, Daktari Ladu alipomwita ofisini na kumwonyesha kiti, alikaa ukingoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

Daktari Ladu alikuwa Mkakwa wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alisomea ng'ambo na akarudi wakati ambapo wenzake walikuwa wakitafuta njia ya kutoka nchini. Mezani pake palikuwa na maboksi mawili ya vidonge, moja lina alama nyekundu, jingine ya buluu.

"Wale kina mama kumi na mmoja wa saratani ya kizazi," akaanza. "Siwezi kuwaponya. Unajua hilo."

"Najua, Daktari."

"Lakini maumivu yao naweza kuyapunguza. Kuna kampuni ya Ulaya imetengeneza kidonge kipya. Boksi moja lina hicho kidonge, boksi jingine lina aspirini ya kawaida iliyotengenezwa ifanane nacho. Lipi ni lipi mimi sijui, na wewe hutajua. Wenyewe wa kampuni ndio wanajua. Tukionyesha kwamba kidonge kipya kinasaidia, watatuletea cha kutosha miaka mitano, bure. Wizara imekubali."

"Na mimi nifanye nini?"

"Uulize."

Akamfundisha kwa siku tatu. Mara nne kwa siku, saa zile zile, Zulaika angepita kitanda hadi kitanda na kuuliza swali moja kwa maneno yale yale: sasa hivi maumivu iko namna gani, hakuna, kidogo, katikati, kali, ama kali sana? Hakuna ilikuwa sifuri, kali sana ilikuwa nne. Asiongeze neno wala kutikisa kichwa, na asimsaidie mgonjwa kuchagua.

"Na kitu cha mwisho, ambacho ndicho kikubwa," akasema Daktari Ladu. "Andika linalosemwa, siyo unaloliona. Mtu akitetemeka mbele yako na akasema kidogo, unaandika moja. Uso unadanganya, Zulaika. Mwingine analia kwa mwiba, mwingine amevunjika mguu na anacheka. Maumivu yana shahidi mmoja tu, naye ni mwenyewe. Sisi wengine tunabahatisha."

Maneno hayo yalimwingia Zulaika. Tangu aanze kazi alikuwa ameona madaktari wakiwabonyeza wanawake tumbo na kuwaambia, "Hapa hakuumi." Hakuwahi kusikia daktari akisema kwamba neno la mwanamke wa kijiji kama Ajia lina uzito kuliko jicho lake. Alirudi nyumbani siku ile akitembea wima, na mbele ya kioo akalirudia swali kwa Kinubi, kwa Kilugbara na kwa Kikakwa, mpaka likawa laini.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wanawake walijibu kila mmoja kwa namna yake. Ocokoru, mkulima kutoka Ajia aliyekuwa kitanda cha dirishani, alisema kali sana, na bila kuulizwa akaongeza kwamba ni kama mtu analima ndani yake kwa jembe butu. Zulaika akaandika nne, lile jembe akaliacha kwa kuwa karatasi haikuwa na nafasi yake. Wengine walisema katikati, wengine kali. Daktari Ladu alikuwa akizipokea karatasi jioni na kuzitazama kwa furaha ya mtu aliyeona mbegu zake zimechomoza.

Jumatatu ya wiki ya pili zikaja karatasi za Kampala. Zilikuwa nene, zina muhuri wa serikali juu, na kila mgonjwa alitakiwa kuweka dole gumba kuonyesha kwamba amekubali kuingia katika utafiti. Karani wa hospitali alipita na kidau cha wino. Aliandika jina la kila mwanamke, jina la baba yake, kijiji chake na jina la mume. Wanawake waliweka madole bila kusema kitu.

Jioni ile Zulaika alipouliza, Ocokoru alisema kidogo. Wa kitanda cha pili akasema kidogo. Akazunguka wodi yote, na kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho neno lilikuwa hilo hilo. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa.

Daktari Ladu mwanzoni alidhani dawa imeshika. Kisha akaziweka karatasi za boksi jekundu upande huu na za boksi la buluu upande ule, akaona zote zimeshuka siku ile ile, saa ile ile. Akavua miwani.

"Unawauliza vile vile?"

"Vile vile, Daktari. Neno kwa neno."

"Basi endelea."

Katikati ya Machi aliletwa Kulusum kutoka Koboko. Alikuja nyuma ya pikapu iliyobeba mihogo, amelala juu ya mkeka, kaka yake Tahiru amemshikia mwavuli njia nzima. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini aliyekonda, aliyejulikana Koboko yote kwa kusuka kawa za rangi za kufunikia chakula cha harusi. Amevaa gurbaba yake nzuri, ile nguo ya kina mama wa Kinubi, kana kwamba ameitwa kwenye sherehe. Tahiru alimweka kitandani, akamnong'oneza Zulaika mlangoni kwamba huko nyumbani dada yake alikuwa hali chakula, halali usingizi, na hataki kuguswa kiuno. Kisha akapanda pikapu akarudi.

Zulaika alimwendea na karatasi yake.

"Mama Kulusum, sasa hivi maumivu iko namna gani? Hakuna, kidogo, katikati, kali, ama kali sana?"

Kulusum aliitazama kalamu kwanza, kisha karatasi. Kisha akatazama nyuma ya Zulaika, mlangoni.

"Kidogo," akasema. "Kidogo tu, binti yangu."

Zulaika akaandika moja.

Alipomgeuza ili kubadilisha shuka, aliona kwamba upindo wa gurbaba ile nzuri umetafunwa mpaka umebaki nyuzi. Katika viganja vya Kulusum palikuwa na alama za kucha zake mwenyewe, nne huku, nne huku, nyingine mbichi. Shuka lilikuwa limeloa jasho na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Kwa mwezi mzima ikawa hivyo. Saa moja asubuhi, kidogo. Saa tano, kidogo. Saa tisa, kidogo. Saa kumi na mbili jioni, kidogo. Kulusum alijifunza kuusikia mwendo wa Zulaika toka mbali, na kabla hajafika kitandani alikuwa amekwisha kuufungua mdomo aliokuwa ameubana, amejifuta uso, ameweka mikono juu ya shuka kama mtoto wa shule. Akijibu alitabasamu. Zulaika akaanza kuichukia ile saa tisa. Alikuwa akisimama nje ya mlango na karatasi zake, akijikohoza kwa makusudi ili wapate muda wa kujitengeneza, kwa sababu kuwafumania ilikuwa vibaya zaidi.

Siku moja ya Aprili, alasiri, mvua kubwa ilinyesha. Bati la wodi lilipiga kelele hivi kwamba mtu wa kitanda cha pili asingesikia neno. Zulaika alikuwa akimwogesha Kulusum kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Karatasi aliziacha ofisini.

"Mama, mimi naona," akasema karibu na sikio lake. "Kila siku naona. Kwa nini husemi?"

Kulusum aliutazama mlango, kisha bati lililokuwa likipigwa na mvua.

"Bwana yangu alikuwa anaitwa Umaru," akasema. "Dereva ya lori ya tumbaku. Mwaka ya sabini na tatu watu wawili walikuja nyumbani. Adabu iko, nguo nzuri, karatasi mkononi. Walisema serikali inataka kujua shida ya raia. Wakamuliza, mzee, maisha iko namna gani? Nzuri, katikati, ama ngumu?"

Zulaika aliacha kitambaa ndani ya beseni.

"Umaru alicheka. Akasema ngumu. Akasema chumvi hakuna, tairi hakuna, na sisi Wanubi ndio watu wanasema nchi ni yetu. Wao waliandika. Wakashukuru. Chai walikunywa, mimi mwenyewe nilipika. Wiki mbili ikapita, wakamtoa kwa barabara. Lori ilirudi. Yeye hapana."

"Mama, hii ni karatasi ya hospitali. Ni ya dawa tu."

"Iko na muhuri?"

Zulaika aliinamia beseni, akatafuta kitambaa.

"Inaenda wapi?"

"Kwa Daktari. Halafu wizarani, Kampala. Halafu Ulaya."

"Kampala," akasema Kulusum, na akafumba macho kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilitafuta. "Binti yangu, niko na vijana wawili, na mmoja iko jeshini. Mama yake akiandikwa kwamba ameumia sana, mutu atauliza nani amemuumiza. Mimi ni wa kufa. Wao bado."

Mvua ikapungua. Zulaika alimfuta miguu, akamfunika, akatoka na beseni. Sasa ndipo alipoielewa ile Jumatatu ya wino. Kila mwanamke katika wodi ile alikuwa na Umaru wake, au alimjua mwenye Umaru wake. Swali aliloliona zuri hata akalifanyia mazoezi mbele ya kioo, wao walikuwa wamekwisha kuulizwa zamani, na watu wengine.

Tangu siku ile Zulaika alianza kuandika alichokiona. Hakumwambia mtu. Aliuliza kama kawaida, Kulusum akajibu kidogo, na kalamu ikaandika nne. Ocokoru akajibu kidogo huku amejikunja kama jongoo, kalamu ikaandika nne. Mwanamke aliyekuwa ametulia kweli, Zulaika alimwandikia moja. Siku ya kwanza aliangalia nyuma kabla ya kuandika. Ya pili hakuangalia.

Ilichukua siku kumi na nane. Daktari Ladu alimwita, na safari hii hakumwonyesha kiti.

"Leo asubuhi nimepita mwenyewe wodini," akasema. "Nimeuliza wagonjwa sita. Wote wamesema kidogo. Karatasi yako ya asubuhi ile ile inasema nne, tatu, nne, nne, moja, nne. Nani anasema kweli?"

"Karatasi yangu, Daktari."

"Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Uliniambia niandike linalosemwa. Lakini wanachosema siyo. Wanaogopa."

"Wanaogopa nini? Sindano? Mimi?"

Zulaika akamwambia. Alimweleza habari ya muhuri, ya madole, ya majina ya waume. Umaru hakumtaja kwa jina. Alisema tu kwamba kuna watu waliowahi kujibu swali kama hili na hawakurudi. Alivyozidi kueleza ndivyo Daktari Ladu alivyozidi kupoa. Kabla hajamaliza, daktari aliinuka, akafungua mlango, akatazama kulia na kushoto barandani, akaufunga tena. Akarudi karibu, akasema kwa sauti ambayo Zulaika ilibidi ainame kuisikia.

"Hayo umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Usimwambie."

"Lakini wewe unaweza kuandika, Daktari. Kwenye ripoti. Sema majibu siyo ya kweli, sema kwa nini."

"Niandike nini, Zulaika? Kwamba wagonjwa wangu hawasemi wanaumwa kwa sababu wanaiogopa serikali? Nipige chapa, niweke sahihi, nipeleke wizarani?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na hewa. "Niko na mke na watoto watano hapa Arua. Baba yangu iko kijijini Kuluba, analima."

Wakatazamana. Zulaika aliona jambo ambalo hakulitarajia: daktari alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza, viganja chini, kwa utulivu ule ule wa kujilazimisha anaouona kila siku saa tisa.

"Basi andika za kwangu tu," akasema Zulaika. "Mimi nitaweka dole."

"Siwezi. Umeandika lisilosemwa. Hata kama ni kweli, siyo jibu la mgonjwa." Akazivuta karatasi za siku kumi na nane, akapiga mstari wa wino juu ya kila moja kutoka pembe hadi pembe, taratibu, bila hasira. "Kesho utauliza kama mwanzo, na utaandika kama mwanzo. Ukishindwa nitamweka karani."

Zulaika aliwaza kuacha. Kisha akamkumbuka karani na kidau chake, akaona bora yeye. Kesho yake akaandika moja, moja, moja.

Alibaki na njia moja tu, kuwabembeleza. Mchana, karatasi zikiwa mbali, alikaa kitandani kwa Kulusum na kumwambia kwamba mwezi wa Julai watakuja wageni, mmoja wa kampuni na mmoja wa wizara, na kwamba wakisikia hata mtu mmoja anasema kali, dawa itabaki.

"Mara moja tu, Mama. Useme mara moja."

"Wa wizara atakuja yeye mwenyewe?"

"Atakuja."

Kulusum alimpapasa mkono kwa huruma, kama vile Zulaika ndiye mgonjwa.

Wageni walikuja Alhamisi. Mzungu wa kampuni alikuwa kijana mwenye uso uliochomwa na jua, anayemwamkia kila mtu. Ofisa wa wizara alikuwa mnene, mwenye mkoba wa ngozi, mwenye adabu. Wodi ilikuwa imepigwa deki tangu alfajiri na wagonjwa wamevalishwa shuka safi. Daktari Ladu aliwapitisha kitanda hadi kitanda, Zulaika nyuma yao akitafsiri. Walipofika kwa Kulusum, ofisa alitabasamu, akatoa kalamu mfukoni.

"Mama, habari yako? Maumivu iko namna gani?"

Zulaika alimwona Kulusum akivuta pumzi. Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na chini ya shuka goti lake la kushoto lilitetemeka hivi kwamba kitambaa kizima kilicheza. Akawaza, sasa, sema sasa.

"Hakuna, mzee," akasema Kulusum. "Hakuna kabisa. Nashukuru serikali."

Ofisa aliandika. "Safi sana," akasema, akasogea kitanda kinachofuata. Mzungu akamuuliza Zulaika mgonjwa amesema nini, naye Zulaika akatafsiri kwa Kiingereza chake kidogo cha wodini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Daktari Ladu alikuwa anatazama dirishani.

Waliondoka na karatasi zote na maboksi yote mawili. Mwezi Septemba likaja jibu, daktari akamsomea Zulaika kwa sababu aliomba. Vidonge vya boksi jekundu na vya boksi la buluu havikuonyesha tofauti yoyote. Wagonjwa wa sehemu hii, ripoti ilisema, wana maumivu madogo hata ugonjwa ukiwa umefika mbali, na aspirini inawatosha. Kampuni ilishukuru kwa ushirikiano. Kazi ya kuuliza ikaisha, Zulaika akarudishiwa ndoo yake.

Aspirini yenyewe ilikuja mara mbili, kisha haikuja. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinaadimika, sabuni, bandeji, mafuta ya taa. Wanawake watatu walikufa Oktoba. Ocokoru alifuata Novemba, akachukuliwa na ndugu zake kwenda kuzikwa Ajia, na kitanda cha dirishani kikakaa kitupu siku nne.

Asubuhi moja ya Desemba Zulaika alifika kwa Kulusum na beseni. Mgonjwa alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Siku hizi huna kalamu," akasema Kulusum.

"Sina, Mama. Ile kazi imekwisha zamani."

"Kweli imekwisha?"

"Wamefunga."

Kulusum alitazama mlangoni kwa mazoea, kisha akaacha kutazama.

"Basi kaa nikuambie."

Na akamwambia. Alisema kwa sauti ya kawaida, polepole, kama mtu anayemwelekeza mwenzake namna ya kusuka kawa, huu mzunguko wa kwanza, huu wa pili. Alisema maumivu yanaanzia chini ya kitovu, yanapita ndani ya nyonga, yanashuka na mguu wa kushoto mpaka kisigino. Asubuhi ni makaa. Adhuhuri makaa yanaota meno. Jioni inakuwa kitu kisicho na jina, ambacho kinamjua, kinangoja mpaka asinzie ndipo kinamshika. Alisema kijana wake wa kwanza alimzaa kwa siku mbili, akadhani ameufikia mwisho wa kuumia, na kwamba kupita hapo hakuna mahali pengine.

"Sasa ile siku mbili ningeomba kama mapumziko," akasema. "Tangu mwaka jana iko hivyo. Hata siku moja haikuwa kidogo. Hata ile siku ya wageni. Ile siku ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu ya kuuzuia mguu usicheze."

"Niliona, Mama."

"Hiyo ni namba ngapi, kwa hesabu yenu?"

"Nne."

"Tano hakuna?"

"Hakuna."

Kulusum alifikiri. "Basi waliotengeneza hawajaumwa," akasema. Kisha akamshika Zulaika mkono kwa nguvu ambayo hakudhaniwa kuwa nayo. "Sasa nimesema. Nipe dawa."

Zulaika aliketi na mkono wake umeshikwa. Kabati la dawa lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ndani yake, alijua kwa kuwa yeye ndiye aliyelifuta vumbi, kulikuwa na chupa ya dawa ya macho na mikasi.

"Hakuna dawa, Mama," akasema.

Kulusum hakumwachia mkono. Alianza kulia wakati ule, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ambayo wodi ile haikuwahi kuisikia, na akalia hivyo siku nne, mchana na usiku, mpaka sauti yenyewe ikakatika. Siku ya tano alikufa. Tahiru alikuja na pikapu akamchukua kwenda kuzikwa Koboko. Mtoto wake wa jeshini hakuonekana mazishini, na watu hawakuulizana yuko wapi.

Januari aliletwa Jane. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Kuluba, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye ugonjwa ule ule uliomwahi mapema. Walimweka kitanda cha dirishani, kilichokuwa kitupu tena. Jane hakujua habari za muhuri wala za madole, na kama alizijua hakuzijali tena. Siku ya kwanza tu alipiga kelele mpaka wanawake wa vitanda vingine wakaanza kumnyamazisha kwa hofu, nyamaza, nyamaza, utasikika. Hakunyamaza. Daktari alipopita alimshika koti, akamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Ninaumwa. Ninaumwa sana kupita kiasi. Andika."

Daktari Ladu aliandika. Kisha akatoka haraka.

Zulaika aliacha ndoo akamfuata ofisini.

"Huyu anasema, Daktari. Huyu anasema mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Waandikie tena wale wa Ulaya."

Daktari Ladu alikuwa amezeeka katika miezi michache. Alifungua mtoto wa meza, akatoa barua.

"Niliwaandikia Novemba. Niliomba hata boksi moja, lolote, jekundu au la buluu." Akaisukuma barua juu ya meza ingawa alijua Zulaika hajui kusoma Kiingereza. "Wamejibu vizuri sana. Wanasema utafiti wangu mwenyewe umeonyesha kwamba huku dawa hizo hazihitajiki. Sahihi yangu iko pale chini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna."

Zulaika aliisukuma barua irudi upande wa daktari. Alirudi wodini kwa njia ya barandani, na toka mbali alimsikia Jane. Alipoingia, Jane aliinua kichwa mara moja, akaitazama mikono ya Zulaika, kuona kama imeleta dawa.